Kabla hujakikataa kiti kwenye duara

Mshauri nasaha wa chuo alifunga daftari lake akaniambia nafasi za kuonana na mshauri peke yangu zimejaa mpaka baada ya mitihani. Kuna kikundi cha tiba, akasema, kinaanza Jumatano na kimebakiza viti viwili. Nikaitikia kwa kichwa, nikapokea karatasi aliyonipa, nikatoka. Kufika kwenye ngazi nilikuwa nimeshaikunja karatasi ile mara nne na moyoni nimeshaamua kwamba sirudi.

Nilikuwa mwaka wa pili. Kwa miezi mitatu usingizi ulikuwa haunijii mpaka alfajiri, vipindi vya asubuhi nilikuwa nimeviacha vyote, na simu za nyumbani nilizipokea kwa sauti ya uchangamfu kisha nikalala kifudifudi. Ilinichukua muda mrefu kujikaza mpaka nikapiga hodi kwenye ule mlango. Halafu naambiwa nikakae na watu nisiowajua, niwasimulie? Nilichokisikia mimi ni kwamba shida yangu haijafikia kiwango cha kupewa mtu wangu peke yangu.

Nilirudi baada ya wiki tatu kwa sababu hali ilizidi. Nikaingia kikundi kimoja, kisha kingine, na hicho cha pili ndicho kilichonitoa nilipokuwa. Kwa hiyo wewe uliye kwenye zile ngazi leo, na karatasi yako mkononi, nisikilize kidogo kabla hujaikunja.

Kikundi hakikuwekwa kwa ajili ya waliokosa mshauri. Ni tiba kamili, na kwa shida nyingi zinazowapata wanafunzi, kama wasiwasi na sonona, utafiti umeonyesha mara kwa mara kwamba matokeo yake hayako nyuma ya tiba ya mtu mmoja mmoja. Ni kweli kwamba uhaba ulikuwepo tangu mwanzo. Mwaka 1905 daktari mmoja wa Boston, Joseph Pratt, alianza kuwakusanya pamoja wagonjwa wa kifua kikuu waliokuwa maskini, awafundishe kwa mara moja jinsi ya kupumzika, kula na kujitunza. Ilikuwa njia ya kuokoa muda na fedha. Lakini alichokuja kukiona ni kwamba wagonjwa wale walitiana moyo kwa namna ambayo yeye, pamoja na udaktari wake, asingeweza kuwapa. Baadaye Irvin Yalom, daktari wa akili wa Marekani, aliorodhesha mambo 11 yanayoponya ndani ya kikundi. Mojawapo ni kugundua kwamba jambo ulilodhani ni lako peke yako wanalo na wengine. Hilo la kugundua lilinipata kikao cha kwanza kabisa, pale mwanafunzi niliyekuwa nikimwona kila siku maktabani, amenyooka, ana majibu darasani, aliposema kwamba huwa anaketi chooni dakika ishirini kabla ya kipindi akisubiri mikono iache kutetemeka.

Nilikosea kwenye kuchagua. Sikuuliza kikundi ni cha aina gani. Nilidhani vyote ni kimoja.

Cha kwanza kilikuwa kikundi cha stadi. Hiki kinafanana na darasa: kuna ubao, kuna karatasi za mazoezi, na kuna kazi ya kwenda kufanya katikati ya wiki. Vingi vya aina hii vinafundisha mambo yaliyotoka kwenye tiba ya fikra na tabia, yaani kulikamata wazo linalokutisha, kulipima kama lina ushahidi, na kukikabili kidogo kidogo kile unachokikwepa. Vingine vinafuata tiba iliyoasisiwa na mwanasaikolojia Marsha Linehan, yenye stadi za aina nne: kuwepo kwenye wakati ulio mbele yako, kuvumilia dhiki bila kuizidisha, kutawala hisia, na kuelewana na watu. Changu kilikuwa cha wiki sita na kilinisaidia sana upande wa usingizi. Tulifundishwa kwamba kitanda ni cha kulala tu, si cha kusomea wala cha kuchezea simu. Ukiona usingizi haujaja baada ya dakika 20 hivi, inuka, kaa mahali pengine penye mwanga hafifu, urudi ukianza kusinzia. Na asubuhi uamke saa ile ile hata kama umelala masaa matatu. Siku nne za kwanza nilikuwa kama mlevi. Wiki ya tatu nikaanza kulala saa sita usiku. Mpaka leo nafuata.

Kama shida yako ina jina na ina mipaka, mathalani hofu ya mitihani, hofu ya kuzungumza mbele ya darasa, usingizi, kuahirisha kazi mpaka siku ya mwisho, anza na kikundi cha stadi. Hutalazimika kusimulia maisha yako. Unaweza hata kukaa kimya muda mrefu na bado ukaondoka na kitu.

Lakini mimi nililala, na nilipoamka upweke ulikuwa pale pale. Bwenini tulikuwa wengi na hakuna hata mmoja aliyenijua. Hakuna karatasi ya zoezi iliyoligusa hilo.

Ndipo nikaingia kikundi cha mazungumzo, ambacho wengine hukiita kikundi cha mahusiano. Kwa kawaida ni watu kati ya sita na kumi, na mshauri mmoja au wawili, saa moja na nusu kila wiki, siku ile ile na chumba kile kile. Hakuna mada ubaoni. Unakuja na yaliyokupata, lakini kinachofanyiwa kazi zaidi ni yale yanayotokea humo humo chumbani: nani anamwogopa nani, nani anawahudumia wote asijitaje, nani anatoweka mazungumzo yakiwa mazito. Vikao vinne vya kwanza niliviona ni kupoteza muda. Kimya kilikuwa kirefu na mshauri hakukijaza.

Kikao cha tano nikasema baba yangu alifariki mwaka uliopita, wiki ya mitihani, na kwamba nilizika Jumamosi nikarudi chuoni Jumanne. Nikamalizia na kicheko kifupi. Dada mmoja aliyeketi mkabala nami, ambaye mpaka siku ile tulikuwa hatujasemezana, akauliza, "Mbona unacheka?" Hakuuliza kwa ukali. Akaendelea taratibu, "Nilikuwa nataka kukupa pole. Ulipocheka nikaona kama umenifungia mlango." Nikamtazama mshauri anisaidie, hakusema neno. Kijana aliyekuwa pembeni yangu akasema na yeye wiki iliyopita aliliona hilo hilo nilipozungumzia kufeli. Mwingine akasema, "Mimi nilidhani hutaki tukuulize." Nilikuwa nimeshika kalamu, na nakumbuka nilikuwa nakifungua na kukifunga kifuniko chake, nakifungua na kukifunga, mpaka yule dada akanyoosha mkono nikampa ile kalamu. Nikalia kwa mara ya kwanza tangu mazishini.

Mwaka mzima nilikuwa nikijiuliza kwa nini rafiki zangu hawanipi pole. Jibu nililipata kwa watu watatu ndani ya dakika tano. Mshauri wa peke yako anaweza kukuambia jambo kama hilo, ila moyoni utajibu kwamba ni kazi yake kuona hivyo. Wenzako watatu wa rika lako, wasiolipwa chochote, wakikuambia kitu kile kile, unakuwa huna pa kukimbilia. Hili ndilo ninalolisema kwamba chumba cha watu wawili hakiliwezi.

Kuna vikundi vya tatizo moja pia: waliofiwa, wenye shida ya ulevi, wenye shida ya ulaji, walionusurika ukatili wa kingono, wanaoishi na maradhi ya kudumu. Faida yake ni kwamba huanzi kwa kueleza kwa nini unaumia. Kila aliye pale anajua tayari. Kwa jeraha la ukatili hasa, ningekushauri utafute kikundi cha namna hii chenye mtaalamu wa jambo hilo, usiende kulifungua kwa mara ya kwanza kwenye kikundi cha watu mchanganyiko.

Na viko vikundi vya kusaidiana visivyo na mtaalamu, wanachama wanaongozana wenyewe. Vinavyojulikana sana ni vya Alcoholics Anonymous, vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, vilivyoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935. Navipenda vikundi hivi kwa sababu havina foleni wala havikuulizi kitambulisho cha chuo. Uliza tu jambo moja: mwenzetu akizidiwa humu, nani anajua la kufanya? Wakikosa jibu, nenda kwa ajili ya uswahiba, lakini tiba itafute kwingine.

Semina ya saa moja ya msongo wa mawazo ukumbini, wanafunzi mia mbili na kipaza sauti, hiyo si tiba ya kikundi. Usiihudhurie ukasema ulijaribu haikukufaa.

Sasa suala la siri, maana najua ndilo linalokuzuia. Lilinizuia na mimi. Nitakueleza lilivyo bila kulipamba. Mshauri anabanwa na maadili ya taaluma yake na mara nyingi na sheria. Anaruhusiwa kutoa habari zako kwenye mambo machache tu, kubwa likiwa uhai wako au wa mtu mwingine kuwa hatarini. Wanachama wenzako wanabanwa na ahadi waliyoitoa siku ya kwanza. Hakuna anayeweza kukuhakikishia asilimia mia. Katika miezi saba yangu sikusikia neno langu hata moja nje ya chumba kile, na nadhani sababu ni nyepesi: kila mmoja ana lake alilolitua pale. Bado, tua taratibu. Huna deni la kusema yote. Unaweza kusema "kuna jambo la nyumbani linaniumiza, jina lake sitalitaja leo," na ukasaidiwa.

Chuoni kuna ugumu wake wa ziada: mtakutana kwenye foleni na kwenye kumbi za mihadhara. Kikundi chetu kilikubaliana mapema kwamba nje tunasalimiana kama watu wengine wanavyosalimiana, hatuulizani ya ndani, wala hatuelezi tulifahamiana wapi. Tulikatazwa pia kufungua kundi la WhatsApp. Niliona ni ukali usio na maana, hadi nilipoelewa kwamba wawili wakishayamaliza usiku kwenye simu, Jumatano wanakuja na siri ambayo wenzao hawamo, na kikundi kinapasuka. Kama ndani yuko mtu mnayejuana sana, mpenzi wa zamani au mnayelala naye chumba kimoja, mwambie mshauri kabla ya kuanza. Hilo atalipanga bila wewe kuaibika.

Vikundi vingi vinakuanzisha na mahojiano mafupi na mshauri. Usiyachukulie kama usaili wa kazi. Wewe nawe unapima. Uliza kikundi ni cha stadi au cha mazungumzo. Uliza kama ni cha wazi, watu wanaingia na kutoka wakati wowote, au kimefungwa, mnaoanza ndio mnaomaliza. Mimi nakipenda kilichofungwa, kwa sababu kuaminiana kunahitaji sura zile zile. Uliza kikao kinaangukia wapi kwenye ratiba yako ya mitihani, na muhula ukiisha mtu anaelekezwa wapi. Kama ni kwa njia ya video, hakikisha una mahali pa kufunga mlango na vipokea sauti vya masikioni. Kusikiliza maumivu ya watu wakati mwenzako wa chumba anapita nyuma yako ni kuwavunjia wote heshima.

Wapo ambao sasa hivi kikundi si mahali pao pa kuanzia. Ukiwa unafikiria kujiua, au unasikia na kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, au umetoka kwenye tukio baya jana tu, unahitaji mtu wa kukuhudumia wewe mwenyewe, na leo hii: idara ya dharura ya hospitali, mshauri wa zamu, au yeyote aliye karibu akupeleke. Usisubiri Jumatano. Kikundi kitakuja baadaye, ukishatulia.

Ukishaingia, kipe vikao sita. Wengi wanaoacha wanaacha mwanzoni kabisa, kabla watu hawajazoeana, na nusura niwe mmoja wao. Kama unataka kuacha, njoo ulisemee humo humo: "Nataka kuacha." Kwenye kikundi chetu kijana mmoja alisema hivyo, akaulizwa ni lini alianza kuhisi hivyo, ikabainika ni tangu mwenzake alipomkatiza maneno wiki mbili nyuma. Wakalizungumza. Alikaa hadi mwisho. Na wiki ambayo huna hamu kabisa, nenda hiyo hiyo, hata kama ni wiki ya mitihani.

Kikao chetu cha mwisho tulipewa kila mmoja dakika zake za kuaga. Yule dada alinirudishia kalamu. Nilikuwa nimeisahau kabisa, yeye alikuwa ameitunza mkobani muda wote ule, na aliponipa akasema, "Pole na msiba." Nikamjibu, "Ahsante," na sikucheka.