Kabla hujalipa ada ya kozi ya maabara ya miezi sita

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Sumbawanga aliniandikia hivi: "Shikamoo dada. Nimemaliza kidato cha nne, nina D ya Kemia na D ya Baiolojia. Hapa mjini kuna chuo kinafundisha kuchukua damu, usaidizi wa maabara na huduma ya kwanza. Miezi sita tu, na kazi wanakutafutia wenyewe. Ada laki sita na nusu. Niingie?"

Nilikaa na ujumbe ule siku mbili bila kuujibu. Jibu nilikuwa nalo tangu mstari wa pili, ila kila nikishika simu nakumbuka machungwa ya mama.

Mwaka 2014, Muheza. Mama aliuza machungwa ya msimu mzima yakiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, ili mimi nilipe ada ya chuo kama hicho hicho. Kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Hadubini ilikuwa moja na taa yake haikuwaka, kwa hiyo tuliangalia kwa mwanga wa dirishani, na siku za mawingu tulichora kutoka ubaoni. Koti jeupe tulipewa wiki ya kwanza. Nilipiga nalo picha, mama akaipeleka kanisani, na bibi yangu akaanza kuniita daktari. Nani angeuliza maswali hapo?

Nilimaliza na cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Nikapanda basi hadi Korogwe kuomba kazi kwenye zahanati. Inchaji wa maabara, mama wa makamo, alikisoma cheti mbele na nyuma, akauliza, "Namba yako ya baraza iko wapi?" Nikamuuliza baraza gani. Alikirudisha cheti kwenye bahasha yangu taratibu sana, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, akaniambia, "Mwanangu, ulidanganywa." Niliporudi chuoni nikakuta chumba chetu kimekuwa saluni. Risiti sikuwa nayo, nilikuwa na karatasi ya daftari yenye sahihi isiyosomeka.

Baraza alilolisema ni Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, ambalo lipo kwa sheria ya mwaka 2007. Usiposajiliwa nalo huruhusiwi kufanya kazi ya maabara ya afya Tanzania, hata ujue kutafuta mshipa gizani. Na baraza haliwezi kukusajili kama chuo chako hakitambuliwi na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, ambayo wakati ule tuliiita NACTE. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: angalia usajili wa chuo kabla ya kulipa. Kila mwaka NACTVET inatoa kitabu cha mwongozo wa udahili chenye majina ya vyuo, kozi zao na vigezo vya kuingia. Kisome mwenyewe. Usisomewe na mtu anayesubiri ada yako.

Miaka miwili iliyofuata naiacha, haina cha kumfundisha mtu. Niliuza vitumbua. Mwaka 2017 nikaingia chuo cha kweli, mwaka wa kwanza ngazi ya 4, wa pili ngazi ya 5, wa tatu ngazi ya 6 ambayo ndiyo diploma. Mwaka 2020 nikamaliza. Leo nina namba ya baraza, na siku nilipoipata nilipanda basi hadi Korogwe kumwonyesha yule mama. Alikuwa ameshahamishwa.

Sasa, najua miezi sita inatoka wapi. Yule kijana anasema binamu yake yuko Perth, na huko mtu anasoma miezi michache anaanza kuchukua damu. Ni kweli, Australia kuchukua sampuli ni kazi inayojitegemea, ina cheti chake, na huduma ya kwanza inasomwa pembeni. Lakini mwenye cheti hicho hagusi hadubini. Anachukua, anaandika jina, anapeleka, basi. Kwetu, mtu huyo huyo mmoja anachukua damu, anapaka tone kwenye kioo, analitia rangi, anatafuta vimelea vya malaria, anapokea makohozi na vikopo vya choo, na saa nane mchana anatafutwa aeleze kwa nini majibu yamechelewa. Miezi sita ya nini hapo?

Tena kuchoma sindano ndiyo kazi ndogo kuliko zote. Niulizeni mimi. Nikiwa fildi mwaka wa pili alikuja mzee mwembamba, mishipa yake ukiigusa inakimbia. Nilipata damu ya kujaza kichupa cha kifuniko cha zambarau, na nusu tu ya kile chekundu. Nikamwonea huruma, sikutaka kumchoma tena. Nikafungua vyote viwili, nikamimina kidogo kutoka cha zambarau kwenda chekundu. Nani angejua?

Mashine ilijua. Potasiamu, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 3.5 na 5, ilipita 10. Kalsiamu karibu haikuwepo. Inchaji wetu akachungulia dirishani. "Mwenye potasiamu hii moyo ungekuwa umeshasimama," akasema, "na mzee wako yuko pale kwenye benchi anamenya chungwa." Kichupa cha zambarau kina EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa hiyo imeungwa na potasiamu, halafu inaikamata kalsiamu yote iliyomo. Nilikuwa nimemtilia mzee wa watu ugonjwa ndani ya kichupa. Angepewa dawa ya kushusha potasiamu ambayo haikupanda, je?

Akaniuliza, "Umemimina?" Nikasema hapana.

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, zaidi ya kumimina kwenyewe. Alitoka akamchukua mzee damu upya yeye mwenyewe, majibu yakarudi sawa, na hakunisema mbele ya wenzangu. Wiki nzima niliosha vioo. Siku ya mwisho nilimwambia ukweli, akanijibu kwamba aliujua tangu mwanzo, alikuwa anasubiri.

Kwa hiyo mjue utaratibu wa kujaza vichupa: cha bluu kwanza, kisha chekundu, kijani, zambarau, kijivu mwisho. Usimimine. Ukimaliza, cha zambarau kipindue taratibu mara nane hadi kumi, usikitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi, chembe za damu zitapasuka. Mpira wa kufungia mkono usizidi dakika moja. Na jina liandikwe pale pale, mgonjwa akiwa mbele yako, ukiwa umemuuliza yeye mwenyewe anaitwa nani. Usimuulize "wewe ndiye Asha?" Atasema ndiyo. Nimewahi kuwa na Asha watatu kwenye benchi moja, na wawili waliinuka pamoja. Muulize anaitwa nani, na alizaliwa lini. Na tena, usimimine.

Huduma ya kwanza ndiyo sehemu ambayo siwezi kuipinga hata ikifundishwa siku mbili tatu, mradi mwalimu anaijua. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania wanaifundisha, OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, nao wanawafundisha wafanyakazi. Mimi niliidharau mpaka fundi mmoja wa kujenga, jitu la miraba minne, alipozimia mkononi mwangu sindano ikiwa bado ndani. Nilikimbia kutafuta msaada! Nikamwacha kwenye kiti peke yake. Mfagizi ndiye aliyemlaza chini na kumwinua miguu, akaniambia nitafute glavu, mkono unavuja damu.

Unatakiwa ufungue mpira, utoe sindano, ubane kwa pamba, umlaze chali, miguu juu, nguo zilegezwe. Usimpe maji ya kunywa hajajitambua. Na kabla ya yote uliza, "Umewahi kuzimia ukitolewa damu?" Akisema ndiyo, mchukue akiwa amelala. Ukijichoma wewe sindano iliyotumika, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, usinyonye, ukatoe taarifa saa hiyo hiyo. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora zaidi, halafu unazimeza siku 28. Wenzangu wawili walificha kwa aibu. Aibu ya nini? Sefti boksi ya kutupia sindano zilizotumika imejaa mpaka mdomoni, mtu anasukuma kwa kidole, mnategemea nini?

Vijana, naomba niwaambie kwa ukali kidogo. Mnapenda koti kuliko kazi. Mnaniandikia mkiuliza mshahara, mkiuliza miezi, mkiuliza kama mtihani ni mgumu. Katika jumbe zote nilizopata mwaka huu hakuna hata mmoja aliyeuliza atafanyaje akikosea. Damu iliyo kwenye kichupa ni mtu, amelala wodini anasubiri karatasi yako. Na chuo kinachokuahidi kazi kabla hakijakuuliza alama zako za Kemia kinafanya biashara, na bidhaa ni wewe. Angalia usajili. Nimeshasema, nasema tena, angalia usajili.

Nilimjibu yule kijana kwa kirefu, karibu maneno haya haya. Nikamwambia D zake mbili ni mwanzo mzuri, alinganishe matokeo yake yote na kitabu cha mwongozo, asubiri dirisha la udahili, na akae hata wiki moja kwenye maabara ya kituo cha afya aone kama harufu ataiweza.

Jana usiku akajibu: "Asante dada. Ila nusu nilishalipa."

Nimemwambia aende leo hii akadai risiti yenye jina la chuo na muhuri.