Jibu: Mbuzi au cherehani kwa wenye ulemavu Lamu?

Waalaikum salaam ndugu mleta uzi. Umeuliza kama kikundi chenu, kwa fedha mlizopata za wahisani, kiwanunulie mbuzi au cherehani watu 20 wenye ulemavu hapa Lamu ili watoke kwenye ufukara. Mimi natembea kwa magongo tangu utotoni kwa sababu ya polio, na nashona kanzu na mabuibui mtaa wa Langoni. Kwa niliyoyapitia, kifaa kiwe jambo la mwisho kwenye bajeti yenu.

Cherehani yangu ya kwanza nilipewa na mradi mmoja, jina naliacha. Mashine nzuri, mpya, ya kukanyaga. Wakanipiga picha nayo, wakawahi boti. Ya kukanyaga, nami miguu yote miwili haina nguvu! Ikakaa ukumbini, shemeji akaanza kuitumia, na kabla ya mwaka kwisha majirani wakawa wanaiita cherehani ya shemeji. Aliyeikomboa ni fundi wa Mkomani. Aliuvua mkanda wa chini, akafunga mpini wa kuzungusha kwa mkono, kisha akaihamishia kwenye meza fupi inayolingana na kigoda changu. Mkono wa kulia huzungusha, wa kushoto huongoza kitambaa. Pindo la kanzu huchukua muda zaidi, lakini hunyooka. Ujira wa fundi ulikuwa mdogo mno ukiulinganisha na bei ya mashine, ila hapakuwa na aliyeupangia senti. Kwa hiyo muulizeni kila mtu mikono yake, macho yake na masikio yake yanaweza nini, kisha ndipo muende dukani.

Halafu kuna njia. Watu hupenda kuweka mafunzo Mokowe, upande wa bara, kwa kuwa gari linafika na ofisi za kaunti ziko huko. Sisi wa mjini ni lazima tupande boti. Maji yakitoka, boti huwa chini kabisa ya gati, ngazi za mwisho zimeota mwani na gongo halishiki. Mimi hushuka kwa makalio huku watu wakinitazama. Mwenye kiti cha magurudumu hubebwa mgongoni, na mbebaji anataka chake, basi nusu ya posho imekwenda kabla hajaketi darasani. Fanyeni mafunzo barazani, mtaani kwao, na kama ni lazima kuvuka, pangeni saa kwa kufuata maji.

Mbuzi msinichekeshe. Upande wa Hindi na Mpeketoni kwenye mashamba, pengine. Hapa mjini atakula maboksi.

Waliolifanya jambo hili la kuwatoa watu kwenye ufukara kwa mpango ni shirika la BRAC la Bangladesh, tangu 2002. Nyumba fukara hupewa kitu cha kuzalisha, posho ya chakula ya miezi ya mwanzo ili isikiuze, mafunzo, utaratibu wa kuweka akiba, na mtu wa kuitembelea mara kwa mara, yote kwa muda wa kama miaka miwili. Utafiti wa mpango wa namna hiyo katika nchi 6, Ethiopia na Ghana zikiwemo, uliochapishwa 2015, ulikuta nafuu ingalipo mwaka mmoja baada ya misaada kukoma. Lakini mpango ule wa mwanzo ulitaka nyumba iwe na mwanamke anayeweza kufanya kazi, na wenzetu wengi wakabaki nje. Baadaye kaskazini mwa Uganda, BRAC walishirikiana na shirika la Humanity & Inclusion pamoja na umoja wa wanawake wenye ulemavu, NUWODU, kuurekebisha.

Kwangu mimi, hayo matembezi ya nyumba kwa nyumba ndiyo yenye thamani kuliko yote. Dada mmoja kiziwi tuliyekuwa naye kwenye chama alikuwa anauza viazi vya karai na biashara inakwenda, ila pesa hazionekani. Mwenye kumtembelea ndiye aliyegundua kuwa laini ya M-Pesa ilikuwa kwa kitambulisho cha kaka yake. Akaenda naye kusajili ya kwake. Kaka alinuna, akazoea. Mnapogawa mali, iandikwe kwa jina la mwenyewe, mbele ya wazee.

Wapo pia wasioweza kazi kabisa. Hapo mshike mama anayemlea, maana mikono yake imefungwa mchana kutwa. Shilingi 2,000 za Inua Jamii, ule msaada wa fedha wa serikali, kwa mwezi, kwa nyumba yenye mlemavu anayehitaji kuangaliwa saa zote, ni chakula, msizihesabu kama mtaji. Kinachomfaa mama huyo ni kazi ya kuketi nyumbani, kama kofia za mkono au kusuka ukili, na mnunuzi wa haki atakayeifuata mlangoni.

Wengine wote wasaidieni kujiandikisha kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba zabuni za serikali katika ile asilimia 30 iliyotengewa vijana, wanawake na sisi. Sare za shule hizo, jamani, na mafundi tupo.

Kama fedha haziwatoshi watu 20 kwa miaka miwili, chukueni 8. Na katika hao wanaozunguka nyumba kwa nyumba, mmoja awe mwenye ulemavu, alipwe mshahara sawa na wenzake. Hilo la mshahara mliandike kwenye mkataba.