Ndege Anafanya Nini? Majibu kwa Wapiga Picha wa Ndege

Barua za safari hii karibu zote zimekuja na picha, na karibu zote zinamalizia kwa ombi lile lile: "niambie ukweli." Haya, tuambiane.

Kila jioni nakaa kwenye mawe ya ziwa kumvizia yule mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe. Akipiga mbizi mimi naambulia maji yaliyoruka, au mkia. Kasi ya shata nimeweka 1/1000 ya sekunde. Nakosea wapi? (Mwanza)

Kasi ni ndogo, hilo kweli. Ipandishe hadi 1/2500 au 1/3200 na uiache ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ipande nayo. Chembechembe kwenye picha husameheka, jicho la ndege lililofifia halisameheki.

Ila kinachokuponza zaidi ni saa uliyochagua. Mdiria huyu ana desturi ambayo ndege wengi hawana: hupigapiga mabawa akiwa amesimama hewani pale pale, mwili unacheza huku kichwa kimetulia kama kilichotundikwa kwa uzi. Ili aweze kusimama hivyo huukabili upepo. Sasa fikiria upepo wa ziwa. Mchana na jioni huvuma kutoka majini kuja nchi kavu, kwa hiyo ndege anatazama ziwani na wewe uliyeko ufukweni anakuonyesha mgongo. Ndiyo hiyo mikia yako. Alfajiri upepo hugeuka, hutoka nchi kavu kwenda majini, naye hugeuka nao. Mji wa Mwanza uko ukingo wa mashariki wa ghuba, kwa hiyo asubuhi hata jua litakuwa nyuma yako na usoni mwake. Amka mapema.

Fokasi ishike akiwa bado amesimama hewani, usingoje aanze kushuka, maana akishajikunja kidole chako hakimuwahi tena. Anza kupiga mfululizo mara tu mabawa yanapofungwa, na usiache alipozama. Picha nzuri mara nyingi ni ile ya kutoka majini, na akipata samaki mdogo humeza akiwa bado anaruka, hana haja ya kurudi kwenye tawi. Huko kwenu chakula chake kikubwa ni dagaa. Furu walipopungua ziwani baada ya sangara kuenea, mdiria aligeukia dagaa, na kwa kuwa dagaa ni mwembamba, inambidi avue wengi zaidi ndipo ashibe. Maana yake kwako ni mbizi nyingi kwa asubuhi moja. Ukimpata vizuri, mtazame kifuani: dume ana mikanda miwili myeusi, jike ana mmoja uliokatika katikati. Uandike kwenye maelezo ya picha, watu wanaojua ndege watakuheshimu.

Nikiwaonyesha wenzangu picha zangu wanasema "kali sana", "hatari", basi. Nitapataje ukosoaji wa kweli? (Dar es Salaam)

Unawaonyesha picha ngapi kwa mpigo? Ukimwaga picha arobaini, mtu anatafuta neno moja la kukuridhisha aendelee na shughuli zake. Peleka moja. Na usiulize "mnaionaje?" kwa sababu swali hilo linaomba sifa. Uliza jambo lenye jibu: jicho lako limetua wapi kwanza? Ungekata upande gani? Unaona ndege huyu anafanya nini?

Hilo la mwisho ndilo ninaloliamini kuliko yote. Kamera za siku hizi zinamtambua ndege na kulifuata jicho lake zenyewe, kwa hiyo ukali wa picha si hoja kubwa tena. Mtu akitazama yangeyange wako akashindwa kusema kama anatua, anaruka, anagombana au anamfukuza mwenzake, una picha kali ya ndege mwenye mabawa wazi, na hizo zimejaa duniani.

Tafuta pia mkosoaji asiyejali kamera. Mtembeza wageni aliyezoea ndege, au mvuvi, atakwambia "huyu ana hofu" au "huyu analisha makinda" kabla fundi wa lenzi hajamaliza kuuliza ulitumia mashine gani. Walioko Nairobi wana bahati: matembezi ya kutazama ndege ya Nature Kenya, chama cha wapenda mazingira, ya Jumatano asubuhi, yamekuwepo kwa miaka mingi, na watu wa pale hawana aibu kukwambia umekosea jina la ndege.

Shikamoo. Mzee mmoja mpiga picha ameitazama picha yangu ya heroe (flamingo) akasema "hii ni ya kalenda" akanirudishia. Nimeumia. Naiambatisha, niambie kama alikuwa na haki. (Nakuru)

Marahaba, mwanangu. Adabu ilimpungukia, haki alikuwa nayo.

Nimeiangalia kwa muda. Una mstari wa waridi kutoka ukingo hadi ukingo, kilima nyuma, mwanga mzuri wa asubuhi, na heroe mamia wasiofanya lolote. Jicho linapita kama linavyopita kwenye pazia la rangi. Lakini shuka kona ya chini kushoto. Pale kuna wawili wamenyoosheana shingo na midomo iko wazi, mmoja amepandisha manyoya ya mgongoni. Hiyo ndiyo picha, nawe uliipiga bila kuiona. Ukiikata sasa itabaki pikseli chache mno, haitafaa kuchapishwa. Hata hivyo umeshajua cha kutafuta ukirudi.

Heroe wana mengi ya kufanya kwa mtu mwenye subira. Hula vichwa vimepinduliwa chini juu. Wakati wa kutafuta wenzi hutembea kundi zima wamebanana, vichwa vikigeuka huku na huku kwa pamoja. Na hawawezi kuruka wima kama njiwa: lazima wakimbie juu ya maji, wakiukabili upepo, miguu ikichapa uso wa ziwa. Kaa ubavuni mwa njia hiyo ya mbio. Jaribu 1/2000 upate kila tone, kisha jaribu 1/60 huku ukiizungusha kamera kumfuata mmoja, mandhari yageuke michirizi. Nyingi zitaharibika. Zitupe.

Kama Nakuru unawakuta wachache, si wewe. Maji ya ziwa yalipanda sana katika muongo wa 2010, chumvi ikapungua, na mwani wanaoula ukapungua nao, wengi wakahamia kwingine. Bogoria si mbali nawe. Na huyo mzee mrudie, umuulize: "ya kalenda kwa nini?" Mtu aliyekupa hukumu bila sababu anadaiwa sababu.

Naivasha nahodha wa boti alipiga mluzi, akarusha samaki, furukombe akashuka mbele yangu. Nimepata picha ya maisha yangu. Je, ni udanganyifu? (Nairobi)

Kupiga si udanganyifu. Kunyamaza ndiko. Ukiandika "furukombe akimnyakua samaki aliyerushwa kutoka kwenye boti", hakuna atakayekushika koti. Ukiandika "mwindaji wa Naivasha" ukaipeleka kwenye shindano, soma kanuni kwanza, kwa sababu mengi yanakataa chambo au yanataka utamke. Picha iliyoshinda shindano la Wildlife Photographer of the Year mwaka 2009, ya mbwa mwitu wa Hispania akiruka lango, ilivuliwa ushindi mwanzoni mwa 2010 baada ya majaji kuamini kuwa mnyama yule alikuwa wa kufugwa. Mpiga picha alikanusha, ushindi haukurudi.

Tena wanaojua wanaona. Samaki wako anaelea ubavu juu, mkavu mgongoni, macho meupe. Furukombe anayejivulia mwenyewe hutoka kwenye tawi lake na kumnyakua samaki aliye hai karibu na uso wa maji, na samaki huyo hujipinda kwenye kucha. Mimi binafsi picha ya chambo hainisisimui hata ikiwa kali namna gani, kwa kuwa uamuzi wa lini na wapi ulikuwa wa nahodha. Wengine hawaoni tatizo, na hatugombani.

Nina simu tu. Nikate tamaa? (Kampala)

Mtu wa Kampala anauliza hivyo na kaloli wamejaa juu ya paa! Korongo yule mabawa yake yakikunjuliwa hupita mita 2.5, haogopi watu, na huruka kwa uzito kiasi kwamba hata simu inamuwahi. Simama upepo ukiwa mgongoni ili aruke au atue akikuelekea, bonyeza mfululizo, na usivute kwa zumu ya kidijitali inayotengeneza matope. Mwingine wa kufanyia mazoezi ni mnana akifuma kiota: anarudi kwenye kitawi kile kile na jani mdomoni tena na tena. Baki mbali kiasi cha yeye kuendelea na kazi.

Pale kwenye hori ya Mida Creek ndege wa pwani hulala kwa makundi maji yakijaa. Rafiki yangu huwakimbilia waruke wote, ndipo apige. Picha zake zinasifiwa kuliko zangu. (Watamu)

Zinasifiwa na wasiotazama vizuri. Ndege aliyefukuzwa huruka kumkimbia aliyemfukuza, kwa hiyo picha za rafiki yako zitakuwa za mikia na shingo zilizogeuka nyuma. Zikague utaniambia.

Hili silisemi kwa upole. Wengi wa ndege hao wametoka Asia na Ulaya ya kaskazini, na kuanzia Machi wanajaza mafuta mwilini kwa safari ya kurudi. Maji yakijaa hawana pa kulia, wanapumzika na kuhifadhi nguvu, na kila mruko wa bure unazila nguvu hizo. Wewe ingia kwenye kile kibanda cha kutazamia mwishoni mwa daraja la mbao kabla maji hayajafika, tulia. Maji yenyewe yatawasogeza kwako hatua kwa hatua, na kipanga akipita wataruka wenyewe, wote kwa pamoja. Siku nyingine hapiti. Basi.

Kufuta kijiti kilichopita mbele ya mdomo wa keremkerem (mla nyuki) ni kosa? (Dodoma)

Kwa ukuta wa sebuleni, futa. Kwa shindano au gazeti, usiguse. Ukinitumia mimi nikosoe, niletee faili ghafi (RAW, kama kamera ilivyoitoa) pamoja na ile uliyohariri. Kuhusu kubandika anga jipya, nina swali moja: vivuli vilivyo chini ya mabawa utavifanyaje?

Ninunue lenzi ya milimita 400 au ya 600? (Arusha)

Kodi ya 400 kwa wikendi moja kabla hujanunua chochote, uende nayo Ziwa Manyara. Kwa ndege wanaoruka, lenzi nyepesi unayoweza kuiinua haraka hupata picha nyingi kuliko ndefu inayochosha mkono. Ndani ya gari usisimame kwenye paa, kaa dirishani, ushuke usawa wa ndege, weka mfuko wa maharage chini ya lenzi na mwombe dereva azime injini. Ikifika saa nne hewa ya juu ya maji inaanza kutetemeka kwa joto, na hapo hata lenzi ya bei ya nyumba haikusaidii. Nendeni mkanywe chai.