Unayekaa naye chumba kimoja amelazwa kwa homa ya uti wa mgongo: ufanye nini

Pole sana, dada. Umesema mwenzako wa chumba huko Mathare, Nairobi, amelazwa kwa homa ya uti wa mgongo, na majirani wanataka ploti nzima imeze dawa.

Kwanza kabisa, leo hii, waulize madaktari ni bakteria gani aliyemuuguza. Bakteria huyo akiwa meningokoko, ninyi mnaolala naye na kushiriki naye kikombe mnahitaji dawa ya kinga, mara nyingi siprofloksasini dozi moja, ikiwezekana ndani ya saa 24. Usijinunulie dukani, mjamzito huenda akapewa nyingine. Akiwa nyumokoko, bakteria mwingine aletaye ugonjwa huu, dawa hiyo kwa kawaida haihitajiki. Jirani mliyesalimiana tu langoni hayumo kwenye hesabu hiyo.

Hofu ya majirani naielewa. Mlipuko wa meningokoko wa Nairobi wa 1989 ulileta wagonjwa wapatao 3,800. Bakteria huyu hupita kwa mate na kikohozi, kwa hiyo vyumba vilivyobanana humrahisishia kazi, na wengi humbeba kooni bila kuugua wenyewe. Ndiyo maana mara nyingi huwezi kujua nani alimwambukiza nani, na kumtafuta wa kulaumu ni kupoteza muda.

Jichunguze kwa siku 10. Homa ya ghafla, kichwa kuuma vikali, shingo kukakamaa, kutapika, kuchanganyikiwa, au madoa mekundu yasiyofifia ukiyabonyeza kwa glasi: nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ulimeza dawa. Hata kwa wanaotibiwa, takriban 1 kati ya 10 hufa, kwa hiyo tafadhali usingoje kupambazuke.