Seti yako ya wayalesi inarukaruka? Hamisha risiva kwanza, matusi baadaye

Juzi mdogo wangu mmoja msomaji kaniandikia hivi: "Dada habari za majukumu, mimi nataipia kwenye laptopu tu na shingo inaniua, nimeona seti ya kibodi na mausi za wayalesi rangi ya pinki batani za duara nzuriii, nichukue?" Na picha juu. Kweli ni nzuri, ingefaa hata kuwekwa sebuleni. Nikamwambia ngoja niandike kabisa, maana najua wote mnaopita hapa mnataka kitu kimoja, kutoka kwenye kutaipia kitandani na laptopu mapajani mpaka kuwa na meza yako, wateja wako, na hela inayoingia kwenye simu bila kumuomba mtu. Halafu kwenye hili suala la wayalesi nina la moyoni.

Kabla sijaanza kufanya kazi nyumbani nilikuwa katibu muhtasi kwenye ofisi moja hapa Morogoro, siitaji. Bosi wetu alikuwa mtu wa kupenda vitu vipya, siku hiyo akaja na boksi, kibodi na mausi havina waya, akasema ofisi inaenda na wakati. Kijana wa kompyuta akachomeka risiva (kile kidude kidogo cha USB kinachopokea mawimbi ya kibodi na mausi) nyuma ya mashine, pembeni kabisa ya diski ya nje tuliyokuwa tunahifadhia kumbukumbu. Basi hapo mateso yangu yakaanza. Mausi inakwama katikati ya skrini halafu inaruka kama panzi, naandika "Ndugu" inatoka "Ndgu", naandika "taarifa" inatoka "taarfa", mara nyingine herufi moja inajirudia mpaka mwisho wa mstari. Nikasema bosi hii kitu ina shida. Akasema shida ni mwenye vidole.

Barua ikatoka na "Ndgu" yake ikaenda kwa mgeni mkubwa, na bosi akanisomea ile barua kwa sauti mbele ya wageni, neno kwa neno, wakacheka. Mimi niliyefaulu hatimkato na nikiwa chuoni nilikuwa nafundisha wenzangu kutaipu bila kuangalia chini, naambiwa sijui kutaipu! Mpaka leo nikikutana na wale wageni mjini najua wananikumbuka kwa hilo.

Baadaye na yeye mwenyewe ikamshinda. Alikaa pale akajaribu kuandika imeili, mausi ikamfanyia vituko, akachomoa kila kitu akanirushia mezani, "chukua kawape watoto wachezee." Nikachukua. Nilipofika nyumbani nikachomeka kwenye laptopu yangu kuukuu, ile yenye matundu meusi ya USB ya zamani, nikafungua Word nikaanza kuandika. Ikatoka herufi kwa herufi, hakuna iliyopotea hata moja. Nikaandika jina la bosi mara nyingi sana, likatoka sawasawa kila mara.

Seti hiyohiyo iliyoitwa mbovu ndiyo iliyonipa kazi. Nimetaipia risachi za wanachuo, mihtasari ya vikao vya saccos, na mwezi huu nimemaliza kitabu kizima cha mzee mmoja mstaafu aliyeandika kwa mkono kwenye madaftari, kanilipa yote kwa mkupuo na kaniongezea ya soda. Kwahiyo nikisema jambo kuhusu wayalesi nisikilizeni.

Sababu niliijua nilipoanza kujitegemea nikanunua mashine ya mezani, nami nikachomeka risiva kwa nyuma karibu na diski, na vituko vikarudi vilevile! Nikaanza kusoma. Kumbe kampuni ya Intel yenyewe mwaka 2012 ilitoa maelezo kwamba USB 3.0, yale matundu ambayo mara nyingi yana plastiki ya bluu ndani, yakiwa yanafanya kazi yanatoa kelele ya mawimbi kwenye masafa ya 2.4 GHz. Na risiva za kibodi na mausi zinatumia masafa gani? Hayohayo 2.4 GHz. Diski ya nje ikiwa inakopi mafaili ndiyo balaa zaidi, na waya wake nao unatoa hiyo kelele. Yaani risiva ilikuwa inajaribu kunisikia huku pembeni yake kuna mashine ya kusaga inaunguruma, utasikia "Ndugu" nzima saa ngapi?

Dawa yake ni ya bei rahisi mpaka inatia hasira. Chomoa risiva kwenye tundu la bluu, peleka kwenye tundu jeusi la USB 2.0 upande wa mbele wa mashine, mbali na diski. Kama matundu yote ya laptopu yako ni ya bluu basi nunua waya mfupi wa kurefushia USB, risiva ikae juu ya meza karibu na kibodi yenyewe. Na kama una meza ya chuma usiifiche risiva nyuma ya mashine chini ya meza, chuma kinaziba mawimbi. Kuna mtu ofisini kwenu sasa hivi anatukanwa kwa ajili ya risiva iliyochomekwa vibaya, nenda kamsaidie.

Sasa tuje kwenye kununua. Mdogo wangu wa pinki, kitu cha kwanza angalia mpangilio wa herufi, rangi baadaye. Hapa kwetu bidhaa zinaingia kutoka kila kona, nyingi zinapitia Dubai, ndiyo maana Kariakoo utakuta kibodi ina herufi za Kiarabu pembeni ya zetu, hiyo haina neno, inafanya kazi kama kawaida. Tatizo ni Uingereza na Marekani. Kwenye kibodi ya Kiingereza cha Uingereza alama ya @ iko karibu na Enter na kwenye 3 kuna alama ya pauni, ya Marekani @ iko kwenye 2. Ukinunua ya Uingereza na Windows yako imewekwa Marekani utabonyeza @ itoke alama ya kunukuu, na utasema kibodi imeharibika. Haijaharibika, nenda kwenye mipangilio ya lugha ongeza kibodi ya Uingereza, dakika moja. Ndugu zetu wa Bujumbura na Lubumbashi wao wana mtihani wa ziada, kuna zile za Kifaransa ambazo A na Q zimebadilishana nafasi. Mimi niliwahi kutaipu kwenye moja, jina langu lenyewe sikulitambua.

Pili, namba za pembeni. Zile seti fupi nzuri za kwenye picha nyingi hazina kisanduku cha namba upande wa kulia. Kama unaandika mahesabu ya vikoba au marejesho ya mikopo bila zile namba utalia, mimi nataipu majedwali ya hela kwa mkono mmoja bila kuangalia na siwezi kurudi nyuma. Kama unaandika maneno tu basi chukua fupi, mausi itakuwa karibu na mkono na bega litakushukuru. Na hizo batani za duara, sikia, zinapendeza, lakini kidole kikitua pembeni kidogo kinaingia kwenye shimo. Kwa kurasa mbilitatu sawa, kwa risachi ya mtu yenye marejeo, hapana.

Tatu, risiva yenyewe (ndiyo, narudi hapohapo, na nitarudi tena). Seti nyingi kibodi na mausi vinatumia risiva moja, na risiva hiyo ndiyo roho yake, ikipotea seti nyingi za bei ya chini zimekufa, hauendi dukani ukauziwa nyingine. Kampuni ya Logitech walikuja mwaka 2009 na risiva yenye alama ya rangi ya chungwa inaitwa Unifying, inabeba mpaka vifaa 6 na ikipotea unanunua nyingine unaunganisha upya. Mwaka 2021 wakaleta nyingine inaitwa Bolt, na hizi mbili hazisikilizani, usije ukanunua hii ukitegemea ifanye kazi na ile. Lakini si kila Logitech ina hiyo huduma, angalia alama kwenye risiva yenyewe, siyo maneno ya muuzaji. Ukisafiri chomoa risiva uiweke kwenye kijumba cha betri cha mausi, seti nyingi zina kishimo chake humo ndani na watu hawajui, wanaweka kwenye pochi pamoja na chenji halafu wanampa kondakta.

Zile za Bluetooth hazihitaji risiva kabisa, unaweza kuunganisha hata na simu au tableti ukaandikia humo, na nyingine zinahama kati ya vifaa vitatu kwa batani moja. Nzuri sana kwa anayetembea. Ila kumbuka mashine ikigoma kuwaka na fundi akataka kuingia kwenye mipangilio ya mwanzo kabisa kabla Windows haijaamka, kibodi ya Bluetooth mara nyingi haionekani pale, ya risiva inaonekana. Mimi kwenye kabati nina kibodi moja ya waya, kuukuu, imejaa vumbi, ya siku hizo tu.

Kuna jambo watu wa Kariakoo hawakwambii, na wa mtaa wa Luthuli kule Nairobi nadhani vilevile. Mwaka 2016 kampuni ya usalama ya Marekani inaitwa Bastille ilionyesha kwamba risiva za makampuni mengi zilikuwa zinakubali amri kutoka kwa mtu mwingine aliye mbali, karibu mita 100, anaandika kwenye kompyuta yako wakati umekaa hapohapo. Mwaka huohuo wakaonyesha kibodi za bei nafuu zinazorusha kila herufi hewani waziwazi bila kuificha. Sasa wewe unaingiza neno la siri la benki kwenye kibodi isiyokuwa na jina uliyookota kwenye mkokoteni? Tafuta inayoandika kwenye boksi kwamba mawasiliano yake yamesimbwa (yamefichwa kwa msimbo asiyausome mwingine) kwa AES, na kama kazi yako ni ya hela za watu tumia ya waya, hata kama haipendezi.

Na jamani jaribuni kitu kabla ya kulipa. Vijana mnanunua kwa picha, mnaona video ya mtu wa Korea ana meza nyeupe na mshumaa mnatuma hela, kitu kikija mnaanza kuomba ushauri. Nenda dukani na laptopu yako, mwambie kaka naomba nijaribu, andika sentensi ndefu, bonyeza spesi kwa pembeni kabisa uone kama inaitika, shika mausi uone kama inajaa kiganjani. Angalia kama kuna taa ya Caps Lock na Num Lock maana nyingi za wayalesi hazina, wanabana betri, na wewe utagundua umeandika ukurasa mzima kwa herufi kubwa. Muuzaji akisema boksi halifunguliwi, duka la pili liko hatua mbili.

Shingo sasa, maana ndiyo ilikuwa swali. Seti peke yake haiponyi shingo. Inyanyue laptopu juu ya vitabu au ndoo ndogo mpaka ncha ya juu ya skrini iwe usawa wa macho, halafu kibodi na mausi vibaki mezani, viwiko vimepumzika. Ukinunua seti halafu laptopu ikabaki chini palepale umenunua pambo. Mausi usiiweke juu ya kioo, mwanga wake unapita hauoni kitu, tandika hata jalada la daftari.

Betri ndiyo za mwisho. Seti ya Logitech MK270 ambayo mtaiona kila duka, boksi linaahidi miezi 24 au zaidi kwa kibodi na 12 kwa mausi, kibodi inakula mbili nyembamba kama za rimoti na mausi moja nene kidogo. Hiyo ahadi ni kwa betri za alkalaini, siyo zile nyepesi za bei ya bigijii ambazo zinaisha mapema na kuvuja. Mausi ina swichi chini ya tumbo, izime ukimaliza kazi. Herufi zikianza kuruka na risiva uliishaihamisha (umeihamisha kweli?) basi badili betri kabla hujamwita fundi. Ukikuta ya alkalaini imeshavuja na kuna unga mweupe humo ndani usiukwangue kwa kucha, chovya pamba ya masikio kwenye siki kidogo tu, futa vile vyuma, pitisha kitambaa kikavu, acha wazi mpaka pakauke kabisa, ndipo uweke mpya.