Maswali ya Wasomaji: Mbona Mwizi Amerudi Kwetu?

SWALI: Tulivunjiwa nyumba usiku, tukatengeneza mlango haraka. Wiki ya tatu wakaingia tena, tena kwa mlango ule ule. Majirani wametuzidi mali na hawajaguswa. Ndugu wanasema tuna mkosi. Tumekosea wapi?

JIBU: Poleni sana. Mkosi tuuweke kando. Nyumba iliyokwisha kuvunjwa iko hatarini kuliko ile ambayo haijawahi kuguswa, na hatari huwa kali zaidi mwezi wa kwanza, kisha hupungua. Katika mtaa wa Kirkholt, mjini Rochdale, Uingereza, mradi wa kuzuia wizi ulianza mwaka 1986. Uchunguzi wake ulionyesha kwamba uwezekano wa nyumba kuvunjwa tena ulikuwa zaidi ya mara nne ya ule wa kuvunjwa mara ya kwanza.

Kuna nyumba zinazomvutia mwizi yeyote: mlango wa nyuma uliojificha, dirisha lisilo na komeo, watu hawapo mchana kutwa. Hilo wengi wanalijua. Wanachosahau ni kwamba wizi wa kwanza huufungulia njia wa pili. Aliyeingia sasa anajua vyumba vilivyo, anajua alipopita na alichoshindwa kubeba. Wezi waliohojiwa na watafiti wamekiri kwamba hurudi kwa sababu hizo, na wengine husubiri vilivyoibwa vinunuliwe upya. Kwa hiyo anayerudi mara nyingi ni yule yule, au mwenzake aliyepewa habari. Majirani wenu hawana siri yoyote. Mwizi hajaingia kwao kujua kilichomo, basi.

Sasa huo mlango. Ukipigwa teke, kwa kawaida kitasa hakivunjiki. Unaopasuka ni ubao wa fremu, pale penye kibati kinachopokea ulimi wa kitasa. Fundi akija huziba ufa kwa gundi na kukirudisha kibati kwenye matundu yale yale, kwa skrubu fupi za milimita 20 hivi. Kwa macho mlango umepona, lakini teke la pili linahitaji nguvu ndogo kuliko la kwanza. Kateni kipande kilichopasuka, mtie ubao mpya, kibati kiwe kirefu, na skrubu ziwe za milimita 75 ili zipenye fremu hadi ukutani. Ukuta ukiwa wa tofali au zege, zitahitaji plagi, yaani vibomba vya plastiki vinavyoshika skrubu ukutani. Kama mlango unafunguka kwa nje, tazameni bawaba: pini inayoweza kung'olewa kutoka nje hukifanya hata kitasa kizuri kiwe pambo.

Mengine hayasubiri. Hesabuni funguo siku hiyo hiyo, na ukikosekana hata mmoja, badilisheni kitasa kabla hamjalala. Angalieni kilichoachwa: mwizi aliyebeba televisheni bila rimoti ana sababu ya kurudi. Mkinunua mpya, boksi lichaneni vipande vipande, msiliache nje likitangaza. Taa na kengele, hata za kuazima, zifungeni sasa na mziache kwa miezi miwili. Kuzinunua baada ya nusu mwaka ni kukosa kipindi chenyewe cha hatari. Kule Kirkholt waliziondoa pia mita za gesi na umeme zilizokuwa zikitiwa sarafu, maana ndizo zilizowaita wezi, na majirani wapatao sita wakaombwa kuiangalia nyumba iliyovunjwa. Wizi ulipungua kwa zaidi ya nusu.

SWALI: Aliyevunjiwa ni jirani wa pili. Nami nihofu?

JIBU: Ndiyo, kwa wiki chache. Hatari huenea kwa nyumba za karibu, hasa zenye ramani moja, kwa kuwa aliyejifunza moja amezijua zote. Muulize jirani aliingiliwa wapi, kisha anza na sehemu hiyo hiyo kwako.

SWALI: Mama alitapeliwa kwa simu. Sasa amepigiwa na "wakili" anayeijua hadi senti iliyopotea, anadai ada kidogo ili azirudishe. Mama anamwamini.

JIBU: Huyo ni tapeli wa pili, au wa kwanza kwa sauti nyingine. Majina ya waliokwisha kutuma fedha huuzwa baina ya matapeli. Kiasi hicho anakijua kwa sababu kimetoka kwa wenzake, na hapo ndipo watu wengi hunaswa: wanaona ushahidi mahali penye onyo. Anayedai ada kwanza ili akurudishie fedha zilizoibwa, mkatie simu. Msimtukane wala msibishane naye, kwani kila jibu humthibitishia kwamba namba inapokelewa.

Pigieni benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi, si aliyoitoa yeye. Kama mama aliwahi kuelekezwa kupakua programu ya kuonyesha skrini yake, zimeni intaneti kwenye simu hiyo, iondoeni programu hiyo, kisha mbadilishe nywila kwa kutumia kifaa kingine. Kwenye mipangilio ya barua pepe, tafuteni kama kuna anwani ngeni inayopelekewa nakala. Nywila mpya pekee haiifuti.

Halafu msimfokee. Tapeli alikwisha kumwambia asimweleze mtu, na aibu ndiyo inayomsaidia. Kubalianeni naye kwamba malipo yoyote kwa mtu mpya yatasubiri hadi kesho yake, na mtu wa pili awe ameyajua.