Gala si lazima ule chakula

Umeuliza kama tiketi ya gala (tamasha la kuchangisha pesa) ya New York Pops, okestra ya New York inayopiga muziki unaopendwa na wengi, ni lazima iwe ya bei ya kutisha. Hapana. Ile bei kubwa ni ya meza: chakula na dansi baada ya onyesho, na sehemu kubwa ya pesa ni mchango, kwa sababu tiketi pekee haziwezi kuendesha okestra Marekani. Muziki wenyewe unapigwa Carnegie Hall, ukumbi wa muziki wa New York, na kwa kawaida huuzwa tiketi za onyesho tu. Chukua hizo, hata za juu kabisa kule balkoni (ngazi ni nyingi, lakini sauti inafika vizuri).

Waimbaji wa Broadway, yaani wa tamthilia za muziki za New York, wanapenda kuja hapo kwa sababu moja. Kwenye tamthilia hizo, wapigaji ala waliobanwa chini ya jukwaa mara nyingi hawafiki 25. Hapa mwimbaji anasimama mbele ya wanamuziki zaidi ya 70, violini za kweli, si kinanda cha umeme kinachoziigiza. Anatumia maikrofoni, ndiyo, hii si opera.

Ila gala yao huwa majira ya kuchipua. Msimu hufunguliwa vuli, kwa hiyo kama safari yako ni Oktoba, tafuta onyesho la ufunguzi.